Karatasi Tatu za Nyumba ya Mwami Mwambutsa

Watu wana desturi ya kuyahifadhi maneno ya mkubwa maadamu yu katika ukubwa wake. Hotuba zake hupigwa chapa, amri zake hutiwa katika gazeti la Serikali, na barua zake huwekwa katika majalada yenye nambari. Lakini siku atokapo katika kiti, ama kwa hiari ama kwa kutolewa, makatibu humwondokea pamoja na walinzi na magari, na tangu siku hiyo huandika kama waandikavyo watu wote: kwa jina lake mwenyewe, na bila ya yakini ya kujibiwa. Hapo barua zake hupata thamani nyingine. Mwenye amri huandika kwa ajili ya kiti alichokikalia. Aliyetua mzigo huandika kwa ajili ya nafsi yake.

Mfano ulio mashuhuri sana katika jambo hili watoka Marekani. John Adams na Thomas Jefferson, Rais wa pili na Rais wa tatu wa nchi ile, walikuwa marafiki, kisha wakafarakana kwa sababu ya uchaguzi wa mwaka 1800. Wakakaa miaka mingi bila ya kuandikiana, mpaka rafiki yao, tabibu Benjamin Rush, alipowapatanisha, na Adams akaanza kumwandikia mwenziwe tarehe 1 Januari 1812. Tangu siku hiyo mpaka walipokufa waliandikiana barua 158, juu ya siasa, dini, uzee na misiba ya nyumbani. Wote wawili walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, siku ambayo Taifa lao lilitimiza miaka 50. Jefferson alipata kuhesabu barua alizopokea katika mwaka 1820 peke yake, zikawa 1,267, naye akalalamika kuwa kuzijibu kwamla umri wake. Barua za wazee wale leo zasomwa na wengi kuliko amri walizotia sahihi walipokuwa madarakani.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mtu aliyetoka katika kiti kwa hiari na neno lake likaendelea kuwa na uzito ni Mwalimu Julius Nyerere. Aliacha Urais wa Tanzania mwezi wa Novemba 1985, na uenyekiti wa Chama mwaka 1990, akarejea kijijini kwake Butiama. Hakuwa tena na jeshi wala hazina. Lakini tangu mwaka 1996 mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, ndiye aliyekuwa mpatanishi wa Warundi, kwanza Mwanza na baadaye Arusha. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, chini ya upatanishi wa Nelson Mandela, mwingine aliyekwisha kuuacha Urais wa nchi yake. Warundi basi wajua vizuri kwamba neno la mtu asiye na madaraka laweza kufika mahali ambapo amri haifiki.

Lakini si kila mkubwa aliyetoka alitoka kwa hiari, wala si kila mmoja alipata kurudi kijijini kwake. Makala haya yahusu mkubwa mmoja wa Burundi, Mwami Mwambutsa wa Nne, na karatasi tatu zilizoamua mambo ya nyumba yake. Ya kwanza ilikuwa amri ya kifalme, nayo iliandikwa mbali na nchi. Ya pili ilikuwa ahadi ya Serikali juu ya uhai wa mwanawe. Ya tatu ilikuwa wosia wa mzee asiye na cheo. Karatasi mbili za mwanzo zilikuwa na mihuri ya dola, na zote mbili zilishindwa. Ya tatu haikuwa na nguvu ila nguvu ya kuwa ni matakwa ya mwenyewe, nayo ndiyo iliyosimama hata mwisho.

Msomaji wa Kajaga hana haja ya kwenda mbali ili kuielewa habari hii. Kajaga iko baina ya ziwa na barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Gatumba, mpakani na Kongo, na uwanja wa ndege hauko mbali nayo. Ni mahali palipo karibu na milango miwili ya nchi, mlango wa barabara na mlango wa anga. Mwezi wa Juni 1966 Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda, aliyekuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda, alifika Burundi akikimbia, baada ya jumba lake la Mengo kushambuliwa na jeshi tarehe 24 Mei mwaka huo. Na kutoka Bujumbura akapanda ndege kwenda Ulaya. Wakati huo mwenye nchi, Mwami Mwambutsa, naye hakuwapo nchini. Alikuwa Ulaya, na siku za ufalme wake zilizosalia zilikuwa chache.

Mwambutsa alizaliwa mwaka 1912, na jina lake la utotoni lilikuwa Bangiricenge. Baba yake, Mwami Mutaga wa Nne, alifariki mwaka 1915, na mtoto huyo akatawazwa mwezi wa Desemba akiwa na umri wa miaka mitatu tu, mambo ya nchi yakishikwa na walezi. Majina ya Wafalme wa Burundi yalikuwa yakizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha yakarudi mwanzo. Alitawazwa katika zama za Wajerumani. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaiteka nchi katika Vita Kuu ya Kwanza. Na tarehe 1 Julai 1962 alikuwa bado yu Mwami, Burundi ilipopata uhuru. Kwa jumla alikaa katika kiti zaidi ya miaka 50. Ni wafalme wachache duniani walioona mageuzi mengi hivyo katika enzi moja.

Uhuru huo alikwisha kuulipia kwa damu ya nyumba yake kabla haujafika. Mwanawe, Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa mwaka 1932, ndiye aliyekiongoza chama cha UPRONA. Habari zake hazisahauliki kwa Waislamu wa mji huu, kwani alipoanzisha ushirika wa wafanya biashara mwaka 1957, Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa watu waliomwunga mkono mapema, na katika siasa pia walisimama naye. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 katika viti 64, na Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba, kabla hazijapita wiki tatu tangu ashike kazi, alipigwa risasi katika hoteli moja ya Usumbura, kando ya ziwa, akafa. Aliyempiga alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na nyuma yake walikuwapo wakubwa wa chama kilichoshindwa. Mwami alimzika mwanawe, akaendelea kutawala.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Mwaka 1964 ndugu yake Mwami, Mwanamfalme Ignace Kamatari, aliuawa. Mwezi wa Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe naye aliuawa. Mwezi wa Mei ukafanywa uchaguzi, na Wahutu wakapata viti vilivyo vingi katika Baraza. Lakini Mwami akamchagua Léopold Biha, mtu wa karibu naye na wa ukoo wa Baganwa, kuwa Waziri Mkuu. Jambo hilo lilizidisha uchungu uliokuwapo, na haifai kulificha kwa kuwa mzee amekwisha kufa. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1965 maaskari na wanasiasa wa Kihutu walijaribu kuipindua Serikali. Biha akajeruhiwa kwa risasi, jaribio likashindwa, na kulipiza kisasi kukafuata: viongozi wengi wa Kihutu walipigwa risasi, na maelfu ya raia wakauawa. Mwaka huo huo Mwami akaondoka akaenda Ulaya.

Hapa ndipo ilipoandikwa karatasi ya kwanza. Mwambutsa hakutaka kuuacha ufalme, wala hakutaka kurudi. Akawa akiitawala nchi kutoka mbali, na utawala wa mbali ni utawala wa barua. Waziri aliye Bujumbura alingoja neno kutoka Ulaya, na neno lilipofika mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mwezi wa Machi 1966 akatoa amri ya kifalme kumpa mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, madaraka makubwa ya kuangalia kazi za Serikali kwa niaba yake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 18, na alikuwa amesoma Uswisi.

Amri ile ilikusudiwa kuulinda ufalme wa baba. Badala yake ikampa mwana ngazi ya kupandia. Tarehe 8 Julai 1966 Charles, akiwa pamoja na vijana wa jeshi na wanasiasa walioizunguka nyumba ya kifalme, alitangaza kwamba baba yake si Mfalme tena. Kapteni Michel Micombero akawa Waziri Mkuu, na mwezi wa Septemba Charles akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Hayo nayo hayakudumu. Tarehe 28 Novemba, Mfalme huyo kijana akiwa Kinshasa katika sherehe za mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu, Micombero alitangaza Jamhuri, na mlango wa nchi ukafungwa nyuma ya Ntare kama alivyoufunga yeye nyuma ya baba yake. Katika muda wa miezi sita tu, kuanzia Mei mpaka Novemba 1966, nchi za Maziwa Makuu ziliona Wafalme watatu wakipoteza viti: Mutesa, Mwambutsa na Ntare.

Mutesa alikaa London katika hali ya unyonge, akaandika kitabu cha maisha yake, nacho kikatoka mwaka 1967. Alifariki huko mwezi wa Novemba 1969. Mwaka 1971 Idi Amin alipotwaa utawala wa Uganda, moja katika mambo yake ya mwanzo lilikuwa kumrejesha Kabaka nyumbani, na Mutesa akazikwa katika makaburi ya Kasubi kwa heshima kubwa, watu wa Buganda wakilia kwa huzuni na furaha pamoja. Wengi walimsifu Amin kwa jambo hilo, na wachache walikumbuka kwa sauti kwamba mkuu wa jeshi lililoshambulia Mengo mwaka 1966 alikuwa Amin huyo huyo. Mfalme aliyekufa hana tena adui, wala hana uwezo wa kumkataa rafiki. Kila mwenye dola aweza kumfanya wake.

Mwaka mmoja baadaye ikaja zamu ya Mfalme aliye hai. Ntare wa Tano, aliyekuwa akiishi Ulaya, alikwenda Uganda mwezi wa Machi 1972. Hapo ndipo ilipoandikwa karatasi ya pili. Amin alitaka ahadi, na Rais Micombero akaitoa kwa maandishi: kwamba kijana huyo akirudi Burundi atahesabiwa kuwa raia kama raia wengine, na maisha yake yatakuwa salama. Kwa ahadi hiyo Ntare akarudishwa kwa ndege tarehe 30 Machi 1972. Alipofika alikamatwa, redio ikatangaza kwamba amekuja kuivamia nchi pamoja na askari wa kukodiwa, naye akawekwa kizuizini Gitega. Usiku wa tarehe 29 Aprili aliuawa huko, akiwa na umri wa miaka 24. Usiku huo huo yalianza maasi ya kusini, na baada yake mauaji makubwa ambayo Warundi huyaita Ikiza, yaliyowaangamiza watu zaidi ya laki moja, wengi wao Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi na wanafunzi.

Mtu mmoja, Amin, aliyasimamia mambo yote mawili katika muda wa mwaka mmoja: alimrudisha Mfalme mfu kwa heshima, na alimrudisha Mfalme hai kwenye kifo chake. Karatasi yenye sahihi ya Rais haikumlinda Ntare hata kwa mwezi mmoja. Mwandishi wa ahadi ile naye hakudumu. Micombero aliondolewa na Kanali Jean-Baptiste Bagaza tarehe 1 Novemba 1976, akaenda Somalia, akafia Mogadishu mwaka 1983.

Wakati huo wote Mwambutsa alikuwa Geneva. Alikwisha kuuawa mwana mmoja mwaka 1961, na ndugu mwaka 1964. Mwana wa pili alimnyang'anya kiti mwaka 1966, kisha naye akauawa mwaka 1972. Aliishi kama mgeni wa nchi, bila ya jumba na bila ya baraza. Alipata kuishi hata akauona utawala wa Micombero ukianguka, lakini kwa miezi michache tu. Mwaka 1977 alifariki, akazikwa katika makaburi ya Meyrin, kando ya Geneva.

Kabla ya kufa aliiandika karatasi ya tatu, wosia wake. Katika wosia huo alionyesha matakwa yake kwamba mwili wake usirudishwe Burundi. Neno hilo ni zito likitoka kwa Mwami. Wafalme wa Burundi wa zamani walizikwa nyanda za juu, katika mahali maalumu paitwapo inganzo, penye walinzi wake na miiko yake. Na kwa Murundi wa zama zile Mwami na nchi vilikuwa kitu kimoja. Mfalme kusema kwamba hataki kulala katika ardhi yake ni kama mto kusema kwamba hautaki kushuka ziwani. Hata hivyo, atakayeyapanga mambo ya nyumba ile mwaka baada ya mwaka, kama yalivyopangwa hapo juu, hatastaajabu sana.

Karatasi hiyo ilikaa kimya miaka 35. Mwaka 2012 Burundi ilikuwa ikijitayarisha kutimiza miaka 50 ya uhuru, na Serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ikakusudia kumrejesha Mwami aliyekuwa juu ya kiti siku bendera ilipopandishwa, azikwe kwa heshima za Taifa. Binti yake, Rosa Paula Iribagiza, aliyekuwa akiishi Burundi, alikubaliana na jambo hilo. Mwezi wa Machi 2012 kaburi la Meyrin likafukuliwa na mabaki yakatolewa. Lakini Esther Kamatari, binti wa yule Ignace aliyeuawa mwaka 1964, aliyekuwa akiishi Ufaransa, alikwenda mahakamani kuzuia safari hiyo, na hoja yake ilikuwa wosia wa mzee.

Magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba binti alishindana na mpwa. Kwa hesabu ya watu wa huku si hivyo. Kwa Warundi, kama kwa Waswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba. Na mtoto wa Ignace ni mtoto wa Mwambutsa. Basi waliosimama mbele ya mahakimu walikuwa mabinti wawili wa nyumba moja, kila mmoja akisema ndiye atakayemtendea baba heshima. Mmoja alitaka kumleta nyumbani, na mwingine alitaka kulishika neno lake. Ni vigumu kwa mtu mwenye wazazi kusema kwamba mmoja wao alikuwa na nia mbaya.

Wenye kutaka arudi walikuwa na hoja, nazo si za kudharauliwa. Walisema kwamba Mfalme si mtu wa nyumba moja tu. Kwamba kurudi kwake kungekuwa dawa kwa Taifa lililogawanyika. Na kwamba mtu aliyeandika akiwa katika machungu ya ugenini pengine angeandika vingine lau angeiona nchi imetulia. Buganda ilimpokea Mutesa na ikapata faraja. Tanzania ilimpokea Mwalimu kutoka London mwaka 1999, akazikwa Butiama, na watu kwa maelfu wakatoka kumwaga. Kwa nini Burundi isimpokee wake?

Hoja ya upande wa pili ilikuwa fupi. Mwalimu alikuwa na nyumba aliyotaka kurudi. Mwambutsa alisema kwa maandishi kwamba hataki. Aliyoyaandika hayakuwa juu ya nchi, wala juu ya kiti, wala juu ya nani atawale. Yalikuwa juu ya mwili wake, kitu cha pekee ambacho dola haikumpa, na kwa hiyo haiwezi kudai kukirudisha. Na kama wosia wa mtu aliyekuwa Mfalme waweza kutanguliwa na sherehe, wosia wa mkulima au wa mvuvi utalindwa na nani?

Kesi ilichukua miaka, na muda wote huo jeneza lilikaa katika nyumba ya maiti huko Geneva, wala si huku wala si kule. Mahakama za Geneva zilizuia safari, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliyoko Lausanne ikaikata kesi: mabaki yabaki Uswisi, kwani matakwa ya marehemu juu ya maziko yake ndiyo yatangulizwayo. Mwaka 2017 Mwami akazikwa tena Meyrin. Karatasi ya mzee asiye na cheo ilizishinda nia za Serikali miaka 39 baada ya kifo chake, nayo amri aliyoitoa akiwa Mfalme haikumlinda hata miezi minne.

Si yeye peke yake katika watawala wa pande hizi aliyelala mbali. Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, aliishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya miaka 50. Mwaka 2020 aliruhusiwa kuhamia Oman, nchi ya asili ya ukoo wake, na huko akafariki tarehe 30 Desemba 2024. Wengi wa watu hawa historia imeandika siku zao za enzi kwa urefu, na miaka yao ya baadaye, ambayo mara nyingi ni mirefu zaidi, imeandikwa kwa mstari mmoja. Atakaye kuijaza nafasi hiyo hatapata gazeti la Serikali la kumsaidia. Itambidi azitafute barua zilizobaki katika masanduku ya watoto na jamaa, na mwenye sanduku akiwa hajui thamani yake, mtafutaji atarudi mikono mitupu.

Waislamu wa Kajaga na wa Bujumbura yote waujua uzito wa wosia, kwani katika sheria yao ni mlango uliowekewa mipaka. Mali haiwezi kuusiwa kupita theluthi, na warithi wana haki zao zilizotajwa. Lakini juu ya madeni, amana, na mambo ambayo mtu hataki yamsumbue mtu mwingine baada yake, kuandika mapema na kushuhudisha ni jambo lililosisitizwa tangu zamani. Habari ya Mwambutsa yaonyesha faida ya kuandika waziwazi, na yaonyesha pia upungufu wa kuandika bila ya kuzungumza na watoto: lau mabinti wote wawili wangalilisikia neno lile kinywani mwa mzee, pengine miaka mitano ya nyumba ya maiti isingalikuwapo.

Tena kuna jambo la karatasi zenyewe. Tangu mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kwa kiasi ambacho wengi hawakupata kukiona, na mto Rusizi ukafurika. Gatumba watu waliyahama makazi yao, na Kajaga maji yaliingia katika nyumba zilizo karibu na ufuko. Watu waliokoa watoto, magodoro na vyungu, na ndivyo ilivyopasa. Lakini katika makabati yaliyoachwa zilikuwamo barua za babu aliyefanya biashara Ujiji na Kigoma, vyeti vya ndoa, daftari za madrasa na risiti za ushirika wa zamani. Mchwa na maji haviulizi kama karatasi ni ya Mwami au ya mchuuzi wa samaki.

Kuzihifadhi hakuhitaji jumba. Mfuko wa nailoni usiopitisha maji, sanduku lililoinuliwa juu ya matofali, nakala iliyopigwa picha kwa simu na kuwekwa kwa mtoto aliye mji mwingine, na jina la mwandishi na mwaka kuandikwa nyuma kwa penseli kabla mwenye kukumbuka hajafa: hayo yatosha kwa kuanzia. Kazi hiyo yaweza kufanywa na vijana wa kila msikiti katika siku chache za likizo, wakikaa na wazee na kuuliza kila karatasi ilitoka kwa nani na ilikwenda kwa nani. Karatasi ambayo wenyewe hawataki isomwe na watu irudishwe katika bahasha na ifungwe, kwani kumhifadhia mtu maneno yake si kuyatangaza. Atakayekuja kuiandika historia ya Kajaga baada ya miaka 50 atawashukuru kwa kilichobaki, na wenye barua watakuwa wametendewa kama Mwami alivyotendewa mwishowe na mahakimu wa Lausanne: neno lao limeachwa liseme lilivyoandikwa.